Altrasaundi ya mishipa ya shingo na ugonjwa wa Takayasu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya ni ya wagonjwa, ndugu wanaowasindikiza, na pia tabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, kuanzia Kyela na Rungwe hadi Mufindi, Makete na Ludewa. Yanahusu kuvimba kwa kuta za mishipa mikubwa ya damu, yaani vaskulaitisi ya mishipa mikubwa, na namna altrasaundi ya shingo inavyosaidia kuugundua ugonjwa huo mapema. Pale ambapo jibu fupi lingeweza kumpotosha mtu, nimejibu kwa urefu.

Nimeandikiwa altrasaundi ya shingo. Si kipimo cha wajawazito hicho?

Mashine ni ileile, kinachobadilishwa ni kile kichwa kinachogusa mwili. Hakuna mionzi, hakuna sindano, na hata mjamzito hupimwa shingo bila wasiwasi.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Iko miwili mikubwa. Wa kwanza ni Takayasu, uliopewa jina la daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, aliyeeleza mwaka 1908 mabadiliko ya ajabu ya mishipa ndani ya jicho la mwanamke kijana. Huwashika zaidi wanawake, na mara nyingi huanza kabla ya miaka 40. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia ukuta wa aota, mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, pamoja na matawi yake yanayokwenda shingoni, mikononi na kwenye figo. Ukuta unavimba, unakuwa mnene, na njia ya damu inabana. Baadaye mshipa unaweza kuziba kabisa, au mahali pengine ukatanuka na kudhoofika.

Wa pili ni ateritisi ya seli kubwa, ugonjwa wa watu waliopita miaka 50. Hauonekani sana kwa Waafrika, lakini nitaugusa mbele, kwa sababu ukimpata mtu anaweza kupofuka ndani ya muda mfupi.

Hakuna ulio wa kuambukiza. Mgonjwa hajautafuta kwa chakula wala kwa mwenendo wake.

Dalili gani zimfanye mtu aufikirie?

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Mwanzoni ugonjwa hauna sura yake wenyewe. Kuna homa za jioni, kupungua mwili, jasho la usiku, uchovu, maumivu ya viungo. Mtu yeyote wa huku akisikia orodha hiyo anafikiria kifua kikuu, na ni haki afikirie hivyo, makohozi yapimwe. Shida huja pale vipimo vinaporudi safi, mgonjwa anapewa antibayotiki, homa inarudi, anapewa nyingine, na hakuna aliyemshika mkono akatafuta mapigo.

Baadaye zinajitokeza dalili za mshipa uliobana. Mchuma chai wa Mufindi au Tukuyu anasema mkono mmoja unachoka na kuuma akichuma, akipumzika kidogo unaachia, akianza tena unarudi. Msusi anashindwa kuinua mkono hadi amalize kichwa kimoja. Wengine huona kizunguzungu au giza machoni wakisimama, wengine huzimia. Wapo wanaoumwa shingo mbele, pembeni ya koo, na ukiwabonyeza kidogo hapo wanaruka. Na wapo wanaofika hospitali kwa mara ya kwanza wakiwa na kiharusi au presha kubwa katika umri ambao hakuna aliyetegemea.

Kijana mwenye presha ya juu hastahili kuambiwa tu kwamba ana mawazo mengi. Atafutiwe sababu.

Kwa nini nipimwe presha mikono yote miwili?

Kwa sababu mkono mmoja unaweza kudanganya. Tuseme mama wa miaka 28 amekuja kliniki ya wajawazito. Mkanda unafungwa mkono wa kushoto, mashine inasoma 96/60, nesi anaandika kwenye kadi na kumwita anayefuata. Mkanda huohuo ungehamishiwa kulia ungesoma 164/100. Presha halisi ya mwili wake ni hiyo ya kulia. Ya kushoto iko chini kwa sababu ateri inayopita chini ya mtulinga kupeleka damu mkononi imebana, na upande wa kushoto ndio Takayasu hupenda zaidi. Mama huyo anaweza kufika kwenye kifafa cha mimba huku kadi yake ikionyesha presha ya kushuka.

Tofauti ya namba ya juu ikifika 20 au zaidi kati ya mikono miwili, pima tena baada ya dakika chache. Ikibaki hivyo, mgonjwa anahitaji kuchunguzwa mishipa. Mikono yote miwili ikiwa chini na mapigo hayashikiki vizuri, pima mguuni. Kwa kawaida presha ya mguu huwa sawa na ya mkono au juu kidogo, kwa hiyo mguu ukisoma 170 na mikono 90, tatizo liko mikononi.

Jambo moja la huku kwetu: mwezi wa sita na wa saba, Makete na Njombe, vidole hupoa sana na mapigo ya kwenye kifundo cha mkono huwa madogo. Mpashe mgonjwa joto kwanza, kisha papasa mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Baridi hupunguza mapigo pande zote. Upande mmoja tu ukikosa mapigo, usiisingizie baridi.

Kati ya yote yaliyoandikwa hapa, hili la mikono miwili ndilo ningependa kila kituo kilianze kesho asubuhi, maana halihitaji hata shilingi moja ya vifaa vipya.

Kipimo cha shingo kinafanywaje?

Unalala chali bila mto, mara nyingi na khanga iliyokunjwa chini ya mabega ili shingo inyooke. Vua mkufu na ufungue vifungo vya juu vya nguo. Unageuza uso kidogo upande wa pili, unapakwa jeli, ambayo asubuhi za Mbeya hushtua kwa ubaridi, kisha kichwa cha mashine kinatembezwa polepole kutoka juu ya mtulinga hadi chini ya taya. Mpimaji mzuri habonyezi kwa nguvu, kwa sababu kukandamiza pale mshipa unapogawanyika kunaweza kupunguza mapigo ya moyo na kukuletea kizunguzungu. Baadaye utaombwa uinue mkono ili apime kwapani na juu ya mtulinga. Hakuna haja ya kukaa na njaa, isipokuwa kama watapima na mishipa ya figo tumboni siku hiyohiyo. Wakati mwingine utasikia sauti ya mvumo wa mapigo: hiyo ni Dopla, inapima mwendo wa damu.

Uliza maswali ukiwa umelala, lakini usiongee wakati anapima unene wa ukuta, shingo inatikisika na picha inaharibika.

Mpimaji anatafuta nini kwenye skrini?

Kwanza unene wa ukuta. Ateri kuu ya shingo, karotidi, ikipigwa picha kwa urefu wake ukuta huonekana kuwa mistari miwili myeupe iliyoachana kidogo, na katikati yake utepe mweusi mwembamba. Kwa kijana mwenye afya, kutoka mstari hadi mstari haifiki milimita 1. Kwenye Takayasu utepe ule unanenepa, mara nyingi hadi milimita 2 au zaidi, tena unanenepa mzunguko mzima, kwa ulaini, kwenye kipande kirefu cha mshipa, na mara nyingi pande zote mbili za shingo. Ukikata picha kwa upana unaona duara nene lenye tundu dogo katikati. Madaktari wa Japani walioueleza mwonekano huu mwaka 1991 waliufananisha na makaroni, na mpaka leo utaona ripoti imeandikwa "alama ya makaroni". Ukiiona kwa msichana wa miaka 22 aliyekonda na mwenye homa isiyoeleweka, hakuna magonjwa mengi mengine yanayofanana nayo.

Pili, mwendo wa damu. Mahali palipobana damu hukimbia, na mbele ya hapo mapigo hupanda kivivu badala ya kuruka. Hapa naomba wapimaji wawe waangalifu. Namba tulizozizoea za kukadiria kubana, ile 125 na ile 230 za sentimita kwa sekunde, ziliwekwa kwa ajili ya karotidi ya ndani kwa watu wenye mafuta kwenye mishipa. Usizihamishie tu kwenye karotidi kuu ya mgonjwa wa Takayasu. Andika ulichokiona, pima tundu lililobaki, linganisha na upande wa pili.

Tatu, mwelekeo. Ateri mbili ndogo, matawi ya ateri za mikono, hupanda ndani ya mifupa ya shingo kwenda nyuma ya ubongo. Ateri ya mkono ikibana kabla ya tawi hilo, mkono huanza kuvuta damu kutoka ubongoni, na kwenye Dopla damu inaonekana ikishuka badala ya kupanda. Ndiyo maana mgonjwa anaona kizunguzungu akitwanga au akifua. Kulitafuta hili huchukua dakika mbili, na huleta maana kwenye malalamiko ambayo pengine yalikwisha kupuuzwa.

Atajuaje kuwa si mafuta yaliyoganda kwenye mshipa?

Mafuta, yaani atherosklerosisi, hukaa upande mmoja wa ukuta, yana vinundu visivyo sawa, mara nyingi yana chokaa inayotupa kivuli cheusi nyuma yake, na hupenda pale karotidi inapogawanyika. Takayasu huzunguka ukuta wote na hupenda karotidi kuu chini ya mgawanyiko huo, mgawanyiko wenyewe mara nyingi ukiwa salama. Umri nao unazungumza: mzee wa miaka 70 mwenye kisukari na sigara si sawa na binti wa sekondari. Ila mtu mzima anaweza kuwa na vyote viwili, na hapo altrasaundi peke yake haitoshi.

Altrasaundi yangu imeonekana safi. Basi sina ugonjwa?

Hapana, hatuwezi kusema hivyo. Mawimbi ya sauti hayapiti vizuri kwenye mfupa na kwenye mapafu yenye hewa, kwa hiyo aota ya ndani ya kifua haionekani vya kutosha kutoka shingoni, na Takayasu unaweza kujificha hapohapo. Dalili zikibaki, au presha za mikono zikitofautiana, utahitaji MRI (picha ya kutumia sumaku) au CT (picha ya kutumia mionzi) ya mishipa.

Mwongozo wa Ulaya wa picha kwenye magonjwa haya, uliotoka 2018 na kuhuishwa 2023, unaweka MRI mbele kwa Takayasu, na altrasaundi inafuata kama njia mbadala pamoja na CT. Naukubali mwongozo huo. Lakini kwa mgonjwa wa Ludewa au Chunya, MRI ni safari, nauli, malazi na siku za shamba zilizopotea, wakati altrasaundi iko karibu. Kwa maoni yangu tuanze nayo bila kuchelewa, ikionyesha ukuta mnene tuwe na sababu nzito ya kumsafirisha mgonjwa, na ikiwa safi huku dalili zipo tusimrudishe nyumbani.

Mashine ya hospitali yetu ya wilaya inaweza?

Angalia vichwa vyake kabla ya kuuliza umri wake. Kile kilichopinda cha tumbo na mimba, cha megahezi 2 hadi 5, huona mbali lakini hakioni ukuta mwembamba. Kinachotakiwa ni kile kilichonyooka, cha kuanzia megahezi 7 hivi kwenda juu, ambacho vituo vingi hukitumia kwa matiti na tezi ya shingo. Kikiwepo pamoja na Dopla ya rangi, mashine inatosha. Kinachobaki ni mpimaji anayejua anachotafuta.

Kwa nini wananipima tena TB, virusi vya UKIMWI na kaswende?

Kwa sababu mbili. Magonjwa hayo yenyewe yanaweza kuharibu mishipa mikubwa: kaswende ya muda mrefu hutanua aota, kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye ukuta wake, na VVU vinaweza kusababisha mishipa, ikiwemo ya shingo, kutanuka na kudhoofika. Pili, dawa za vaskulaitisi hushusha kinga, na ukizianza juu ya kifua kikuu kilichojificha utakiamsha. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa juu kuliko mikoa mingine yote katika Njombe (asilimia 12.7), Iringa (11.1) na Mbeya (9.6). Kwa hiyo usione umetuhumiwa. Mtu yeyote wa huku anayeelekea kwenye dawa hizo anapaswa kupimwa hivyo.

Na vipimo vya damu, ESR na CRP?

Vipimo hivi huonyesha kama kuna uvimbe mwilini. Vinasaidia, ila ESR hupanda kwa mambo mengi, na kwenye Takayasu inaweza kuwa ya kawaida huku ukuta ukiendelea kuvimba.

Si wangekata kinyama cha mshipa wakapime?

Karotidi haikatwi kinyama, ni hatari. Ndiyo sababu picha zina uzito mkubwa namna hii.

Bibi yangu ana miaka 68, kichwa kinamuuma upande wa kipaji na taya linachoka akitafuna. Naye apimwe shingo?

Apelekwe leo, usingoje siku ya kliniki. Hizo ni dalili za ateritisi ya seli kubwa, na hasa akisema jicho liliingia giza kisha likarudi, kila saa ina thamani. Altrasaundi yake huanzia kwenye mishipa ya kipaji na kwapani, ambako huonekana duara jeusi kuzunguka mshipa, jambo lililoelezwa na madaktari wa Ujerumani mwaka 1997. Shingo inaweza kupimwa pia. Lakini daktari akishuku kwa nguvu, dawa zinaanza kabla ya kipimo. Duara lile huweza kuanza kufifia ndani ya siku chache za dawa, kwa hiyo kipimo kifuate upesi. Kwenye mishipa mikubwa unene hukaa kwa miezi.

Matibabu ni nini?

Huanza na prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na kushusha kinga, kwa kiwango cha juu, kwa mtu mzima mara nyingi miligramu 40 hadi 60 kwa siku, kisha inashushwa taratibu. Kwa Takayasu huongezwa dawa nyingine kama methotreksati au azathiopuri, na dawa za presha. Usiache prednisoloni ghafla kwa sababu umejisikia vizuri au vidonge vimeisha, mwili unaweza kuanguka. Dawa zikikaribia kwisha, piga simu kabla hazijaisha.

Nataka kupata mtoto. Inawezekana?

Wengi huzaa salama, ila panga na daktari kabla. Methotreksati haitumiki kabisa wakati wa mimba. Na kwenye kadi ya kliniki iandikwe kwa wino mkubwa mkono upi upimwe presha, ili nesi wa zamu ya usiku asibahatishe.

Ndugu wanasema mkono umefungwa na watu, na wengine wanataka kunichua shingo.

Nawaelewa. Mkono usio na mapigo unatisha, na familia inatafuta maana. Omba nao, kaa nao, lakini waonyeshe picha ya mshipa wako ulivyobana, mara nyingi picha inatuliza mabishano kuliko maneno. Kuchua shingo kataa. Mshipa umevimba, na kuukandamiza kunaweza kukuzimisha.

Nirudie altrasaundi kila baada ya muda gani?

Daktari wako atapanga kulingana na dalili, mara nyingi baada ya miezi kadhaa mwanzoni. La muhimu ni kupimwa mahali palepale pa mshipa, ikiwezekana kwa mashine ileile na mtu yuleyule, maana tofauti ya nusu milimita inaweza kutokana na mpimaji. Picha ya karatasi inayotoka kwenye mashine hufifia kwa joto na jua. Ipige kwa simu siku hiyohiyo, umtumie na ndugu mmoja, na karatasi uiweke kwenye faili mbali na dirisha.

Niende wapi?

Anzia ulipo, upate barua ya rufaa, hasa kama unatumia bima. Hospitali za rufaa za mikoa na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ndizo hatua ya kawaida kwa Nyanda za Juu Kusini. Kesi ngumu huendelea Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, au Benjamin Mkapa, Dodoma. Kabla ya kupanda basi, piga simu uulize swali moja: "Siku gani yupo anayepima mishipa ya shingo kwa Dopla?" Kuna wagonjwa waliotoka Makete alfajiri wakakuta mpimaji yuko likizo.

Mimi ni tabibu. Kwenye fomu niandike nini?

Usiandike "altrasaundi ya shingo" ukaishia hapo, utapata ripoti nzuri sana ya tezi. Andika umri na jinsia, presha za mikono yote miwili, mapigo yasiyoshikika, mvumo kama umeusikia shingoni au juu ya mtulinga, na ombi lenyewe. Kwa mfano: "Mwanamke, miaka 26. Homa na kukonda miezi mitano, TB haijaonekana. Presha kulia 158/96, kushoto 98/64. Mvumo juu ya mtulinga wa kushoto. Naomba Dopla ya karotidi, ateri za chini ya mtulinga, kwapa na za uti wa shingo, pande zote mbili: unene wa ukuta, umbo lake, mwelekeo wa damu. Nashuku Takayasu." Na uweke namba yako ya simu chini, ili mpimaji akiona jambo akupigie mgonjwa akiwa bado kitandani.